Neno "Mwanafunzi" na Ndugu Zake: Namna ya Kulichagua na Kuliandika Bila Kurudishiwa Barua

Nina steshenari ndogo jirani na geti la chuo, hapa Morogoro. Nachapa, natoa kopi, naprinti, na msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ukikaribia nachapa barua za kuomba nafasi mpaka vidole vinaota sugu. Karibu kila barua ina neno mwanafunzi, na karibu kila mwenye barua ana swali. "Dada, hapa niandike mwanafunzi au mwanachuo?" "Dada, ni yoyote au yeyote?" "Eti mwanagenzi ndiyo nani?" Wazazi nao huja na barua za ruhusa, walimu wapya huja na matangazo ya ubao wa shule, na juzi kaja mzee mmoja na bango la mahafali ya madrasa. Maswali ni yale yale, na mimi siwezi kumjibu kila mtu huku foleni imefika barabarani. Nimeyaandika hapa yote. Soma, kisha uje na karatasi yako iliyo safi.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Sentensi yako, hata ikiwa ya penseli nyuma ya daftari. Usiitunge mbele ya kompyuta ya watu huku unalipia ukurasa.
- Majibu ya maswali matatu: huyu mtu anasoma nini, anasomea wapi, yuko ngazi gani.
- Jina au cheo cha atakayesoma. Mkurugenzi, mzazi na kundi la WhatsApp la darasa hawasomi kwa jicho moja.
- Mahali alipo msomaji. Bara, Zanzibar na Kenya tuna maneno yetu yanayotofautiana, na nitayataja kila yanapohusika.
- Kalamu nyekundu.

Hatua ya 1: Lipasue neno ulione ndani

Hii ni ya dakika mbili tu, ila ukiiruka utakwama huko mbele.

Mwanafunzi ni mwana na funzi. Watu wengi wanadhani mwana hapa ni mtoto, ndiyo maana mtu wa miaka 45 anayesoma jioni anaona haya kujiandika mwanafunzi. Ondoa wasiwasi. Katika maneno ya namna hii mwana maana yake ni mtu wa jambo fulani, mtu aliye ndani ya shughuli fulani: mwanajeshi, mwanasheria, mwananchi, mwanamuziki, mwanaanga. Jenerali mwenye wajukuu bado ni mwanajeshi. Hata wale kumi na wawili wa Yesu, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi wenye nyavu zao, Biblia ya Kiswahili inawaita wanafunzi wake, na hakuna aliyewapeleka shule ya msingi.

Upande wa pili, funzi, unatokana na kitenzi cha siku nyingi, funda. Bado kiko hai: bibi harusi hufundwa, kungwi humfunda mwali. Humo humo ndimo alimotoka fundi, na kitenzi funza, na fundisha, na mafunzo. Ile d kugeuka z usiishangae. Angalia linda na mlinzi, penda na mpenzi. Kwa hiyo mwanafunzi ni mtu aliye katika kufundwa, awe na miaka sita au sitini.

Onyo: usiandike "mwanafunza". Funza likiwa jina ni yule mdudu anayeingia kwenye kidole cha mguu. Nimeliona kosa hili kwenye bango la kitambaa, limeshashonwa na kulipiwa.

Onyo la pili: usilitenganishe. "Mwana funzi" ni maneno mawili yasiyo na kazi. Ni neno moja, na katikati ya sentensi huanza na herufi ndogo.

Hatua ya 2: Chagua neno linalofaa

Hapa ndipo penye kazi, kaa vizuri.

Mwanafunzi ndilo neno pana kuliko yote. Kiingereza kina neno moja la mtoto wa shule ya msingi na jingine la mtu wa chuo, basi watu wakitoka huko wanadhani hata Kiswahili kinawalazimisha kuwatenganisha. Hakilazimishi. Mtoto wa darasa la awali ni mwanafunzi, na anayeandika tasnifu ya uzamivu ni mwanafunzi. Kama unahisi neno hili ni la kitoto mno kwako wewe wa chuo kikuu, soma jina la ofisi inayokupa mkopo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ukiwa na shaka, tumia mwanafunzi na hutakosea.

Mwanachuo ni mwanafunzi wa chuo: cha ualimu, cha ufundi, cha afya, hata chuo kikuu. Ni neno zuri pale unapotaka kumtofautisha na wa sekondari kwa neno moja. Wingi ni wanachuo.

Mwanachuoni ni mtu mwingine kabisa. Hapa kijana mmoja alinipa barua inayoanza, "Mimi ni mwanachuoni wa mwaka wa kwanza." Nikamwambia, "Mdogo wangu, umejiita ulamaa." Akacheka, lakini ni kweli. Mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu, hasa ya dini, ambaye wengine wanakwenda kumuuliza. Utaliona pia kama mwanazuoni, wingi wanazuoni. Hiyo zuo ni vyuo kwa lahaja za kaskazini ya pwani, kule Lamu wanakosema zitu tunaposema vitu. Na chuo kwa lugha ya zamani ya pwani ni kitabu, kisha ikawa mahali pa kusomea kitabu. Silabi moja ya mwisho, "ni", inakutoa kwenye benchi la nyuma inakuweka kwenye mimbari. Kuwa mwangalifu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukiwa Zanzibar na mama akakwambia "watoto wamekwenda chuoni", usidhani wana miaka ishirini. Wamekwenda kusoma Kurani. Shule ya serikali kule ni skuli, na barua inayokwenda huko inapendeza ikisema mwanafunzi wa skuli.

Mwanagenzi ni anayejifunza kazi kwa mikono, chini ya mtu anayeijua. Yule kijana gereji anayeshika spana akitumwa, au anayejifunza kushona kwa fundi cherehani, ndiye mwanagenzi. Mtaani hawamwiti hivyo. Kwenye ujenzi ni saidia fundi, gereji ni spana boi. Lakini ukiandika barua ya maana au ripoti, neno ni mwanagenzi na mafunzo yake ni uanagenzi, na serikali inalitumia kwenye programu zake za vijana. Neno hili hubeba pia maana ya mtu mgeni katika jambo. Mwandishi mzoefu anaweza kusema "mimi ni mwanagenzi tu" kwa unyenyekevu na asieleweke vibaya.

Tarajali ni yule aliyekwisha kusoma darasani na sasa yuko kazini akikamilisha mafunzo. Tanzania tunasema daktari tarajali. Kenya, ukisoma habari zao, daktari huyo huyo ni daktari mwanagenzi. Barua ikivuka Namanga, badilisha.

Mtahiniwa ni mwanafunzi siku ya mtihani tu. Aliyejiandikisha, ana namba, ameketi ukumbini. Usilichanganye na mtahini, anayetunga au kusahihisha. Ile "wa" ya mwisho ndiyo inayomfanya atahiniwe. Kuna jambo lingine: mtahiniwa si lazima awe mwanafunzi. Anayefanya mtihani wa kidato cha nne bila kuwa shuleni ni mtahiniwa wa kujitegemea, na ukimwandika "mwanafunzi wa kujitegemea" umemweka kwenye shule isiyokuwepo.

Mhitimu ameshamaliza. Ukimwita mwanafunzi siku ya mahafali, kabla hajavaa joho, sawa. Baada ya hapo ni mhitimu, au mwanafunzi wa zamani wa shule fulani. Nyerere, kwa mfano, ni mwanafunzi wa zamani wa Makerere. Hakuna mtu anayemwita mwanafunzi wa Makerere tu.

Mkufunzi linafanana na mwanafunzi kwa sura lakini limesimama upande wa pili wa meza: ndiye anayefundisha, hasa kwenye vyuo vya ualimu na semina. Kila mwaka mtu ananiletea orodha ya mahudhurio imeandikwa "Jina la mkufunzi" juu ya safu ambayo wanafunzi ndio wanaosaini.

Msomi ni sifa zaidi ya hadhi. Wanachuo wanapenda kuitana wasomi, mawakili wanaitana wakili msomi mahakamani. Usijiite msomi kwenye barua ya kuomba kazi. Mwache atakayekuajiri aamue.

Mwanakisomo utakutana nalo kwenye elimu ya watu wazima. Lilishika kasi enzi za kampeni za kisomo. 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wengi walijifunza kuandika majina yao miaka hiyo. Leo unaweza kumwita mwanafunzi pia. Yeye mwenyewe pengine atapenda mwanakisomo.

Na denti. Hili ni la mtaani na ni la kondakta. Nenda kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi utalisikia: "Denti mmoja tu! Wengine gari la nyuma!" huku mguu wake umeziba mlango. Njuka ni wa kidato cha kwanza aliyeingia juzi. Wakenya wanamwita mono. Kipanga anafaulu, kilaza hafaulu. Yote hayo ni matamu kwenye mazungumzo na WhatsApp. Kwenye barua, usithubutu.

Hatua ya 3: Jiulize kama unalihitaji

Hii hatua watu wanairuka, na ndiyo inayofanya barua zao zisikike kama zimetafsiriwa.

Msikilize mtu wa kawaida. Ukimuuliza kijana anafanya nini, hasemi "Mimi ni mwanafunzi katika Chuo Kikuu Mzumbe." Anasema, "Nasoma Mzumbe." Mama wa jirani hasemi mtoto wake ni mwanafunzi wa darasa la tano. Anasema, "Yuko la tano." Kiswahili kinapenda kitenzi. Mtu anasoma, yuko kidato fulani, yuko mwaka wa pili, anasomea uuguzi. Ukitumia kitenzi, nusu ya matatizo ya upatanisho yanayofuata hapa chini yanayeyuka yenyewe.

Tumia nomino mwanafunzi pale cheo chenyewe kina kazi: kwenye fomu, kitambulisho, tangazo, sheria, nauli, au pale unapozungumzia kundi. "Wanafunzi wote wafike saa moja." Hapo kitenzi hakitoshi.

Jaribio: fumba neno mwanafunzi kwa kidole. Kama sentensi inaweza kusimama kwa "nasoma" au "anasoma", ibadilishe.

Hatua ya 4: Ongeza ngazi, somo na mahali, kwa mpangilio

Baada ya mwanafunzi huja "wa", na "wa" huyo anabeba mambo mengi. Mwanafunzi wa sheria anasoma sheria. Mwanafunzi wa mwalimu Asha anafundishwa na mwalimu Asha. Mwanafunzi wa bweni analala shuleni, wa kutwa anarudi nyumbani. Mwanafunzi wa kike, wa kiume. Mwanafunzi wa kidato cha tatu. Shida inaanza unapotaka kuyasema yote kwa pumzi moja.

Hii ni sentensi niliyoletewa, nimebadilisha kidogo tu:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada wa kwanza wa sayansi ya kilimo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wa hapa Morogoro."

Hesabu "wa" zilizomo. Halafu baadhi zimekosea: shahada si mtu, ni shahada ya kwanza. Chukua kalamu nyekundu ufanye hivi:

a) Zungushia duara kila "wa", "ya", "cha".

b) Chora mshale kutoka kila duara mpaka kwenye neno linalomilikiwa. "Wa" ya mwanafunzi irudi kwa mwanafunzi, "ya" irudi kwa shahada, "cha" irudi kwa chuo au kidato. Mshale usiofika popote, futa. "Wa hapa Morogoro" haufiki popote. Anwani iko juu ya barua.

c) Ukibaki na zaidi ya "wa" mbili zinazorudi kwa mwanafunzi, moja igeuze kitenzi au mkato, au weka "katika".

Inatoka hivi: "Ninasoma mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya sayansi ya kilimo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo." Fupi, na afisa anayesoma barua hamsini asubuhi hiyo atakushukuru.

Onyo kwa walimu wa sekondari: "mwanafunzi wa kidato cha pili cha shule ya sekondari" inasema kidato ni mali ya shule ile tu. Andika "mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya sekondari" na jina lake.

Ukiandikia Kenya, sekondari ni shule ya upili, na watoto walio kwenye mtaala mpya wako gredi, hawako darasa la fulani. Mtihani wa darasa la nane ulifanyika mara ya mwisho 2023, kwa hiyo "mwanafunzi wa darasa la nane" kwenye barua mpya ya Kenya linapitwa na wakati.

Hatua ya 5: Weka umoja au wingi

Mwanafunzi, wanafunzi. Kinabadilika kichwa tu. Usiige mwanamke na wanawake, ambako vyote viwili hubadilika. Kule Lubumbashi utasikia banafunzi, na kwa mazungumzo ya huko ni sawa kabisa, ila kwenye maandishi sanifu ni wanafunzi.

Hatua ya 6: Patanisha kila kinachofuata

Mwanafunzi ni mtu, kwa hiyo kila kinachomhusu kinavaa sare ya mtu.

Mwanafunzi huyu mzuri amefika. Wanafunzi hawa wazuri wamefika.

Mwanafunzi ambaye hajalipa. Wanafunzi ambao hawajalipa.

Mwanafunzi mwenye kitambulisho. Wanafunzi wenye vitambulisho.

Mwanafunzi wangu, si "mwanafunzi yangu". Najua unasema rafiki yangu na dada yangu, lakini hayo ni maneno ya jamaa nyingine. Mwanangu peke yake ni mtoto wako wa kumzaa.

Mwanafunzi mwenzangu, wanafunzi wenzangu. "Mwanafunzi mwenzake na mimi" ni kuzunguka mlima bure.

Sasa lile kosa kubwa, lililoandikwa kwenye kuta za nusu ya shule ninazozijua: "Mwanafunzi yoyote atakayechelewa..." Ni yeyote. Yoyote ni ya nyumba na kalamu: nyumba yoyote, kalamu yoyote. Mwanafunzi yeyote, mtu yeyote, mzazi yeyote. Wingi wake ni wanafunzi wowote. Ukikumbuka hili moja tu kutoka mwongozo mzima, sitalalamika.

Hatua ya 7: Hesabu kwa maneno

Ukiandika tarakimu, wanafunzi 38, umepona. Ukitakiwa kuandika kwa maneno, kama kwenye hati za malipo, kumbuka kwamba namba nyingine zinavaa sare na nyingine hazivai:

mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, wanane zinavaa. Sita, saba, tisa na kumi hazivai.

Basi ni wanafunzi thelathini na wanane, wanafunzi arobaini na watano, wanafunzi ishirini na mmoja, lakini wanafunzi sitini na sita. "Wanafunzi ishirini na moja" ni kosa, hata kama masikio yamelizoea.

Hatua ya 8: Angalia kilichotangulia

Wakati mwingine kosa liko mbele ya neno.

Kila hutaka umoja: kila mwanafunzi alete ufagio. "Kila wanafunzi" haipo.

Idadi ndiyo bosi wa kitenzi: idadi ya wanafunzi imeongezeka. Ukiandika "idadi ya wanafunzi wameongezeka", umemruka bosi ukaongea na mlinzi. Baadhi lakini humwachia mwanafunzi: baadhi ya wanafunzi wamefika.

Mmoja wa wanafunzi, si "moja ya wanafunzi".

"Wengi wa wanafunzi" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sema wanafunzi wengi.

Hatua ya 9: Fikiria anayesoma

Barua ya kwenda kwa mzazi isiseme "mwanafunzi wako". Mzazi hana mwanafunzi, ana mtoto. Andika mwanao, au mtoto wako, kisha jina. Mwanafunzi wako ni la kumwandikia mwalimu mwenzako.

Na uso kwa uso, mtu mmoja haitwi "Mwanafunzi!" Mwalimu husema "wanafunzi, kaeni" kwa darasa zima, lakini akimtaka mmoja anamwita jina, au kijana, au binti. Anayemwita mwanafunzi peke yake huwa ni mlinzi wa geti, na hapo ujue kuna tatizo la sare.

Ukikwama

Umeandika mwanachuo na ofisi imerudisha, inataka mwanafunzi. Usibishane. Ilimtokea mteja wangu mmoja. Fomu yao ina neno moja tu na karani anataka yafanane. Badilisha, peleka tena.

Hujui kama kijana wa chuo cha ufundi ni mwanafunzi, mwanachuo au mwanagenzi. Tazama yuko wapi wiki hii. Akiwa darasani au karakana ya chuo, mwanafunzi au mwanachuo. Akiwa amepelekwa kiwandani kujifunza chini ya fundi, mwanagenzi.

Sentensi ina wanafunzi wa kike na wa kiume na inakuwa ndefu. Kama jinsia haina kazi kwenye barua, itoe. Wanafunzi inawatosha wote.

Umeandika "mwanafunzi wa kwanza" na watu wanauliza: aliyeshika namba moja au aliyefika mapema? Maliza kauli: mwanafunzi wa kwanza kufika, au mwanafunzi aliyeongoza darasa.

Unataka neno la hali yenyewe ya kuwa mwanafunzi. Lipo: uanafunzi. "Katika miaka yake ya uanafunzi." Litumie kidogo, ni zito mdomoni.

Kompyuta imepiga mstari mwekundu chini ya mwanafunzi, na chini ya kila neno jingine. Hujakosea. Programu imewekwa kusahihisha Kiingereza. Chagua maandishi yote, nenda sehemu ya lugha, weka Kiswahili. Kama hakimo kwenye orodha, zima usahihishaji. Usikubali kila pendekezo linalokuja, maana nimeona majina ya watu yakigeuzwa humo. Ukishindwa vyote, acha hivyo hivyo uprinti. Mstari mwekundu hauchapwi kwenye karatasi.